Saa Moja ya Kilovolti 19

Mwanzoni mwa mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa bado zinasomba madaraja, kebo ya kilovolti 11 ilikatika wakati tukiipima, meneja wa kiwanda akiwa amesimama anatutazama. Mafundi waliokuwepo siku ile hawajakubaliana mpaka leo kama tulifanya vizuri au vibaya. Mimi ndiye niliyeshika daftari la vipimo. Nakumbuka karibu kila kitu, na upande wangu katika ubishi ule sikuuficha wakati ule na sioni sababu ya kuuficha sasa.

Lakini kwanza nieleze tulivyokuwa tukipima kabla ya hapo.

Niliingia kwenye kazi ya kebo Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mkandarasi mdogo aliyehudumia viwanda vya Chang'ombe na vya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kebo nyingi tulizozikuta ardhini zilikuwa za karatasi: katikati shaba au alumini, juu yake tabaka nyingi za karatasi iliyoloweshwa mafuta mazito, halafu ganda la risasi, halafu ukanda wa chuma. Bingwa wa kebo hizo alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Babu, ingawa alikuwa bado hajastaafu. Kuziba jointi ya risasi kwa moto na kitambaa kulitaka mkono mtulivu, na yeye alikuwa nao. Sisi vijana tulimpa shikamoo, tukamshikia taa, tukanyamaza.

Kebo ikishatengenezwa, ilipimwa kwa umeme wa DC. Kwa kebo ya kilovolti 11 tulipandisha taratibu mpaka kilovolti 25 hivi kati ya waya na ardhi, tukaiacha dakika 15 huku tukitazama mita ya maikroampea. Mshale ukitulia au ukishuka, kebo ni nzima. Ukipanda, kuna maji. Kwa kebo ya karatasi kipimo hicho kilikuwa cha haki kabisa, maana karatasi ikinyonya maji inavujisha mkondo, na mkondo huo unauona kwa macho. Mashine yenyewe iliingia nyuma ya pikapu. DC haihitaji nguvu nyingi: unaijaza kebo chaji mara moja, basi.

Hatari ilikuja baada ya kipimo. Kebo ya kilomita mbili iliyojazwa kilovolti 25 inabaki na nishati inayotosha kumuua mtu, na ukiigusisha ardhi mara moja kisha ukaiachia, sehemu ya volti inajirudia yenyewe, kwa sababu chaji nyingine imezama ndani ya kihami, yaani tabaka linalozuia umeme, na inatoka polepole. Babu alikuwa akiifunga kwenye waya wa ardhi, anakwenda kunywa chai, na akirudi anaiacha imefungwa bado. Fundi mwenye haraka alimfukuza shimoni.

Kisha zikaja kebo za plastiki, zile ambazo vitabuni zinaandikwa XLPE. Mafundi tulizipenda kwa haki. Hakuna risasi ya kuyeyusha, hakuna mafuta yanayomwagika, jointi moja inakwisha kwa saa chache. Vijana ambao wasingeweza kamwe kuziba risasi wakawa mafundi jointi. Kilichokuwa hakijulikani kwetu ni kwamba plastiki ile, hasa ya toleo la mwanzo, ilikuwa na adui mmoja, maji, na sisi tulikuwa tukiizika kwenye udongo wa Dar es Salaam, ambako sehemu za chini ukichimba mita moja wakati wa masika unakuta dimbwi. Kebo nyingi za wakati ule ziliivishwa kiwandani kwa mvuke, na mvuke huo uliacha vitundu vidogo mno ndani ya kihami. Hazikuwa na kizuizi cha kuyazuia maji yasitembee chini ya ganda la nje.

Maji yakikutana na umeme wa AC kwa miaka, yanaota ndani ya plastiki. Wataalamu wa Kijapani waliliripoti jambo hilo mwaka 1969, na Wamarekani wakaligundua kwenye kebo zao miaka ya 1970 zilipoanza kufa mapema kuliko ilivyotegemewa. Wanayaita miti ya maji: matawi membamba kuliko unywele, yenye unyevu, yanayokua kwa mwendo wa miaka kutoka kwenye kitundu au uchafu fulani. Hayatoi cheche. Mti unaweza kupenya sehemu kubwa ya unene wa kihami, na kebo ikaendelea kuwasha mashine kila siku.

Kiwanda ninachokizungumzia sitakitaja. Kebo yake ilitoka kituo cha kupoza umeme na kusafiri karibu kilomita mbili, sehemu fulani ikipita kwenye bonde linalojaa maji. Ilikuwa ya plastiki, imelazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mvua za mwisho wa 1997 zilipoanza, ikaharibika mara ya kwanza msimu ule. Tukaitafuta hitilafu, tukakata kipande, tukaunga, tukapima kwa DC. Mshale ulitulia kama maandishi kitabuni. Tukawasha. Siku chache baadaye ikafa tena, mahali pengine kabisa. Tukarudia kila kitu. Ikapita kipimo vizuri, ikafa tena, na safari hii hata juma halikwisha.

Babu ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, maji yanamfika kwenye viatu, akamwambia injinia wetu: "Injinia, hii kebo tukiiacha bila kuipima inaishi. Tukiipima inakufa. Kaangalie kwenye daftari."

Injinia akacheka kidogo, kwa heshima, akamwambia: "Mzee, kipimo kinaonyesha ugonjwa, hakiuleti."

Nilikwenda kuangalia daftari. Babu alikuwa sahihi kwa kadiri karatasi inavyoweza kuonyesha. Hitilafu za kabla ya msimu ule zilikuwa zimeachana kwa miaka. Baada ya kuanza kuipima kila ilipotengenezwa, zilifuatana. Mtu angeweza kusema ni mvua, na mvua kweli ilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo kwa nini kebo ipite kilovolti 25 bila kutikisika, halafu ishindwe na kilovolti 6.35, ambazo ndizo inazobeba kila waya wake kazini? Swali hilo halikuwa na jibu katika vitabu tulivyokuwa navyo.

Jibu lilikuwepo, ila halikuwa limetufikia. Taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, EPRI, ilikuwa imeshachunguza jambo hilo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kukuta kwamba kebo ya XLPE iliyozeeka ikipimwa kwa DC kisha ikarudishwa kazini, maisha yake yaliyobaki yanaweza kupungua. Sababu yake ni hii. Umeme wa DC ukisukumwa kwenye plastiki, chaji zinazama ndani na kunaswa, hasa pale penye miti ya maji. Plastiki haizitoi upesi kama karatasi inavyozitoa. Unaondoa mashine, unaardhisha, unawasha umeme wa kawaida, na chaji zilizonaswa bado zimo. Umeme wa AC unakamilisha mizunguko 50 kila sekunde, na katika kila mzunguko upande mmoja unajumlishana na chaji hizo. Mahali padogo penye ncha ya mti wa maji panapata msukumo mkubwa kuliko kebo nzima, plastiki inapasuka, na hapo unaanza mti wa aina nyingine, wa umeme, mkavu, wenye cheche. Huo haungoji miaka.

Tena DC ilikuwa haioni. Mti wa maji unaobaki umezungukwa na plastiki nzima haupitishi mkondo wa kutosha kusogeza mshale wa mita. Jointi iliyokatwa vibaya kwa kisu, yenye nafasi ya hewa ndani, nayo inapita DC bila shida. Kwa hiyo kipimo chetu kilikuwa kinazisifu kebo mbovu na kuzidhuru kwa wakati mmoja. Nalisema hili bila kumlaumu mtu, maana viwango vya kimataifa vya wakati ule viliruhusu kilovolti 25 za DC kwa dakika 15, na tulivifuata kwa uaminifu.

Mtu aliyetuletea njia nyingine hakuja kwa ajili ya kebo. Alikuwa fundi wa Kijerumani, kutoka Berlin, aliyekuja kufunga mota kubwa za kiwanda kile. Katika mizigo yake kulikuwa na mashine ya kupimia nyuzi za mota kwa volti kubwa ya marudio ya chini sana. Njia hiyo ilikuwa na umri tayari: Wamarekani walikuwa na mwongozo wa kupima jenereta na mota kwa namna hiyo tangu 1974. Kwao Ujerumani, alituambia, tangu miaka ya 1980 walikuwa wameihamishia kwenye kebo, kwa sababu na wao walizika plastiki nyingi ya mwanzo na kuona DC inawadanganya.

Aliposikia kisa cha kebo yetu hakushangaa. Akauliza tu tunapima kwa umeme gani. Tulipojibu, akatikisa kichwa na kwenda kuchukua kalamu.

Hesabu aliyoichora ubaoni nimeirudia kwa vijana wengi. Kebo yoyote ni kapasita. Kuipima kwa AC ya kawaida, hezi 50, ndiyo njia ya kweli kuliko zote, kwa sababu ndivyo inavyoishi. Ila kebo kama yetu, yenye maikrofaradi 0.7 hivi kwa kila waya, ukiisukuma kwa kilovolti 19 kwa hezi 50 inataka ampea nne na zaidi, yaani karibu kVA 80. Mashine ya kutoa hiyo inahitaji lori. Punguza marudio mpaka hezi 0.1, mkondo unapungua mara 500. Zinabaki miliampea nane na kitu, na nguvu ya VA 160 tu. Mashine hiyo wanaume wanne wanaibeba. Na bado ni umeme unaogeuka: unapanda, unarudi sifuri, unashuka upande wa pili, unarudi, mzunguko mmoja kwa sekunde kumi. Chaji hazipati nafasi ya kunaswa upande mmoja.

Kilovolti 19 hazikutoka hewani. Ni mara tatu ya zile 6.35. Muda aliotaka ni saa moja kwa kila waya.

Tulifunga mashine asubuhi ya Jumapili, kiwanda kikiwa kimesimama. Waya wa kwanza tuliuanza mapema, na nakumbuka ukimya uliokuwepo, maana tulizoea mshale unaotulia, na huu ulikuwa unatembea. Ulikwenda kulia polepole, ukarudi, ukaenda kushoto. Mizunguko 360 kwa saa. Waya wa kwanza ukapita. Wa pili, baada ya kama nusu saa, mshale uliporomoka, mashine ikajikata yenyewe. Hakukuwa na mlipuko wala moshi.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Alikasirika sana, na nilimwelewa. "Jana usiku umeme ulikuwa unawaka," akasema. "Mmekuja nyinyi na mashine yenu, leo hauwaki. Hii ndiyo kupima?"

Injinia wetu alianza kueleza miti ya maji kwa Kiingereza. Babu akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wateja. "Mzee meneja, ilikuwa inakufa. Ingekufa Jumatano usiku, mashine zote zinazunguka, sisi tumelala. Leo tupo hapa wote, shimo tutalichimba kukiwa kweupe, jointi tunazo garini. Chagua mwenyewe siku gani bora."

Meneja hakujibu. Aligeukia hoja nyingine, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa kiini cha ubishi wote, na ndiyo mafundi wanayoibishania hadi leo. Akasema waya wa tatu upimwe dakika kumi tu, kwa kuwa kila dakika ya ziada ni kuitafutia kebo kifo. Wenzetu wawili wakamuunga mkono. Ilisikika kama busara.

Mjerumani alikataa, na hapo ndipo nilipomheshimu. Alisema dakika kumi ni mbaya kuliko kutopima. Volti hii kubwa ikikuta udhaifu, mti wa umeme unaanza kukua ndani ya plastiki. Kihami cha kebo ile kilikuwa na unene wa milimita 3.4. Kwa hezi 0.1 mti huo unahitaji muda kuuvuka unene huo, kama nusu saa, pengine saa. Ukisimamisha mashine katikati, umeuacha mti ndani, umeshaanza, na unairudisha kebo kazini ikiwa mbovu kuliko ulivyoikuta. Ama umalize, ama usianze. Kebo isiyo na udhaifu mkubwa haidhuriki na saa moja, na ile yenye udhaifu itaanguka hapo hapo.

Tulimaliza. Waya wa tatu ukapita saa yake nzima. Hitilafu ya waya wa pili tuliitafuta kwa mashine ya kugonga, ile inayotupa pigo la umeme kwenye kebo kila baada ya sekunde chache, huku mtu akitembea juu ya njia yake na kusikiliza ardhi. Ilikuwa bondeni, kama kila mtu alivyotarajia. Jioni jointi ilikuwa tayari, tukaupima upya waya ule, saa nzima nyingine, na tukawasha taa za kiwanda usiku.

Kipande tulichokikata hatukukitupa. Mjerumani alikata plastiki kwa wembe, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, akavichemsha kwenye methilini bluu, rangi ambayo maabara za shule zilikuwa nayo. Tulipovishika mbele ya taa na lenzi ya mkononi, miti ilikuwa pale, buluu, midogo kama brashi, mingine ikitoka upande wa ndani kuelekea nje, mingine ikitoka kwenye chembe katikati na kutawanyika pande mbili. Babu aliangalia muda mrefu. Alikuwa amezika kebo za namna hiyo kwa miaka zaidi ya kumi na alikuwa hajawahi kuuona ugonjwa wenyewe. Injinia wetu, na hili nalisema kwa sifa yake, alimgeukia mbele yetu sote akasema: "Mzee, ulikuwa sahihi." Baada ya hapo hatukupima tena XLPE iliyozeeka kwa DC.

Sitaki kuifanya njia ile kuwa muujiza. Saa moja ya hezi 0.1 inakwambia kwamba hakuna udhaifu mkubwa uliobaki leo. Haikwambii kebo itaishi miaka mingapi. Miti mifupi inabaki ndani, na inaendelea kukua. Ndiyo maana baadaye zilikuja mashine zinazopima pia jinsi kihami kinavyopoteza nishati huku volti ikipandishwa hatua kwa hatua, nusu ya volti ya kazi, volti kamili, mara moja na nusu: plastiki nzima haibadiliki sana, plastiki iliyojaa maji upotevu wake unapanda pamoja na volti. Kwa kipimo hicho unaweza kuhukumu kebo nzima bila kuivunja, ukaamua ni ya kuunga au ya kung'oa. Kebo ya kiwanda kile ingekuwa ya kung'oa. Waliing'oa sehemu ya bondeni mwaka uliofuata na kuweka mpya yenye kizuizi cha maji.

Viwango vilichelewa kuandika kile mafundi walichokwisha kukijua. Wamarekani walitoa mwongozo wao wa kebo kwa marudio ya chini, IEEE 400.2, mwaka 2004. Kiwango cha kimataifa cha kebo za daraja letu kiliiingiza hezi 0.1 katika toleo la 2014, mara tatu ya volti ya kazi kwa dakika 15, kwa kebo mpya iliyolazwa sasa hivi.

Kati ya miaka hiyo, Mei 2008, Unguja ilizimika karibu mwezi mzima kwa hitilafu ya mfumo wa kebo ya baharini iliyokuwa ikikilisha kisiwa umeme tangu 1980. Visima vya maji vilivyotegemea pampu vilisimama, hoteli zikaishi kwa jenereta, samaki wakaoza. Sisemi kipimo chochote kingeizuia. Kebo ile ilikuwa ya volti kubwa zaidi na kisa chake ni kingine. Nasema tu kwamba waliokuwa wakiniambia kuvunja kebo kwa makusudi ni uharibifu, mwezi ule waliona kwa macho yao inavyokuwa kebo ikijichagulia yenyewe siku.

Mwaka jana kijana niliyemfundisha, ambaye sasa ana kampuni yake Mwanza, alinitumia karatasi za zabuni. Kebo ya XLPE ya kilovolti 11, imelala ardhini tangu miaka ya 1990, na mteja anataka ipimwe kwa DC, kilovolti 25, dakika 15. Maneno yalikuwa yamenakiliwa kutoka zabuni ya zamani, neno kwa neno. Nilimwandikia kwamba kwa kebo ya karatasi asaini, kwa hii asisaini, akamwombe mteja saa moja kwa kila waya, siku ambayo wana mafundi na jointi garini. Alihofia kupoteza kazi. Alikwenda hata hivyo. Alinipigia simu jioni ya siku ya kipimo, yuko ukingoni mwa shimo, waya mmoja umeanguka na kipande kimeshakatwa, anauliza methilini bluu siku hizi inauzwa wapi.